Tiba ya Mbali na Sababu Iliyo Karibu



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na tiba, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu wasomaji, akina mama na akina baba, wiki hii naiweka kando mada ya malezi tuliyokuwa tukiendelea nayo, kwa kuwa imenifikia barua ambayo siwezi kuikalia kimya.

Barua yenyewe imetoka Embu. Aliyeiandika ni binti yetu, mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa bara miaka kumi na miwili iliyopita. Mamake aliye huku ni msomaji wa gazeti hili, na humhifadhia kila toleo. Anaandika kwamba mama mkwe wake, mjane aliyepita umri wa miaka 60 na anayeishi Meru, upande wa Imenti, alianza mwaka jana kupata taabu ya kumeza. Kwanza lilikuwa githeri, akasema meno yamechoka. Kisha ukawa ugali. Kisha ikawa hata ndizi laini haipiti ila kwa maji. Walipompeleka hospitali, akaingizwa mpira wenye kamera kooni, kikakatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwa, na majibu yakatoka kuwa ni saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni.

Hapo ndipo ulipozuka mtafaruku wa familia. Mtoto wa mwisho wa yule mama, kijana mwenye huruma kubwa na simu nzuri, alikuwa ameona habari ya tiba inayoitwa miale ya protoni, inayotolewa India. Akasema: mama lazima aende, na shamba la ekari mbili za kahawa na migomba liuzwe. Ami yao akasema umri umefika, haya ni majaaliwa, msihangaike na kudra. Na jirani akaleta chupa ya dawa ya miti, akisema itayeyusha uvimbe kwa siku arubaini. Yule mama mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Binti yetu anamalizia barua kwa maswali matatu: Je, tiba hii ni kitu gani? Je, tusipouza shamba tukampeleka, tutakuwa na dhambi? Na je, tukimtibu, tutakuwa tumepingana na kudra ya Mwenyezi Mungu?

Mimi si tabibu, na kusema bila ya elimu katika mwili wa mtu ni sawa na kusema bila ya elimu katika dini yake. Kwa hivyo kabla ya kushika kalamu niliwauliza wanaojua, nikasoma niliyoelekezwa kusoma, na kwa kuwa nilikuwa na safari ya nikahi Meru mjini, nikapita kwa yule mama kumjulia hali. Nitaeleza kwanza habari ya tiba, kisha hukumu, kisha niliyoyasikia barazani kwake.

Tuanze na mionzi ya kawaida, maana huwezi kuijua hii mpya bila ya kuijua ile ya zamani. Mionzi inayotumika sana kutibu saratani ni ya jamaa ya eksirei, ila ina nguvu nyingi zaidi kuliko ile ya kupigia picha ya mfupa. Hutoka katika mashine, ikaingia mwilini, ikaharibu chembe za saratani zisiweze kuzaana. Lakini tabia yake ni kupita: huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, ikiacha athari yake njia nzima, mbele ya uvimbe na nyuma yake. Ni kama mvua juu ya paa la makuti lililochakaa. Unataka ilowe sehemu moja tu, nayo inateremka mpaka sakafuni. Mafundi wa tiba hii huipunguza athari hiyo kwa kuelekeza miale kutoka pande nyingi, kila mmoja ukiwa na nguvu kidogo, ikakutana palipo na uvimbe.

Protoni ni kitu kingine. Ni chembe ndogo mno iliyo katika kiini cha kila atomi, na kiini cha haidrojeni kwa kawaida ni protoni moja tu. Mashine kubwa huzikimbiza chembe hizi mpaka zifikie zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, kisha zikaelekezwa kwa mgonjwa. Ajabu aliyoijaalia Mola katika chembe hizi ni kwamba zinapoingia mwilini hutoa nguvu kidogo njiani, kisha zinapokaribia kusimama humwaga sehemu kubwa ya nguvu zao mahali pamoja, na baada ya hapo haziendelei mbele. Mfano wake ni mgeni anayepita mtaani akitoa salamu fupi kila nyumba, na afikapo nyumba aliyoikusudia akatua mizigo yake yote, asiende nyumba ya pili. Wataalamu wakipima vyema, wanaweza kuamua mgeni huyo atue sentimita ngapi ndani ya mwili, kutoka karibu na ngozi hadi kiasi cha sentimita 30.

Wazo la kutumia chembe hizi kwa tiba lilitolewa na mwanafizikia wa Marekani, Robert Wilson, mwaka 1946. Wagonjwa wa mwanzo walitibiwa Berkeley, California, mwaka 1954, na hospitali ya kwanza kujengewa mashine yake yenyewe kwa kazi hiyo ilikuwa Loma Linda, California, mwaka 1990. Bara letu nalo halikuwa nyuma kama tunavyodhani: kituo cha utafiti cha Faure karibu na Cape Town, ambacho leo kinaitwa iThemba LABS, kilianza kutibu watu kwa protoni mwaka 1993, ingawa huduma hiyo ilikuja kusitishwa. Na India, ambako ndugu zetu wengi wa Kenya na Tanzania huenda kwa matibabu, kituo cha Apollo mjini Chennai kilifunguliwa mwaka 2019. Hicho ndicho alichokiona yule kijana katika simu yake. Hakudanganywa, kipo.

Lakini kuwepo kwa dawa ni jambo moja, na dawa hiyo kuwa ndiyo ya mgonjwa wako ni jambo jingine. Nilipouliza, nilifahamishwa mambo ambayo kila familia inafaa kuyajua kabla ya kunadi shamba.

La kwanza, protoni haiui saratani kwa ukali zaidi kuliko mionzi ya kawaida. Faida yake kubwa ni kuzihifadhi nyama nzima zilizo jirani. Kwa hivyo hufaa zaidi pale ambapo jirani wa uvimbe ni kiungo kisichovumilia: uvimbe ndani ya jicho, uvimbe chini ya fuvu karibu na shina la ubongo, na zaidi ya yote saratani za watoto, maana mtoto bado ubongo na mifupa yake inakua, na ana miaka mingi mbele yake ya kuishi na athari za tiba.

La pili, kwa maradhi mengine faida hiyo ni ndogo au haijathibitika. Mwaka 2024 ulitangazwa utafiti mkubwa wa Marekani juu ya saratani ya tezi dume, uliolinganisha protoni na mionzi ya kawaida ya kisasa. Wanaume wa pande zote mbili walikuwa na hali zinazolingana baada ya tiba. Na kwa saratani ya umio, ambayo ndiyo ya mama yetu, ulichapishwa mwaka 2020 utafiti wa hospitali ya MD Anderson huko Texas. Waliotibiwa kwa protoni walipata madhara machache zaidi ya moyo, mapafu na mengineyo. Lakini kwa upande wa kuizuia saratani isirudi au isiendelee, pande mbili zilikaribiana. Basi faida ipo, wala haikanushwi. Ila ni faida ya kupunguza madhara, na haikuonekana kuwa yenye kurefusha maisha.

La tatu, mionzi ya aina yoyote inayoelekezwa mahali pamoja haimfai sana mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kusambaa mwilini, isipokuwa kwa kumpunguzia maumivu au kumfungulia njia ya kumeza. Ndiyo maana kabla ya kuuliza mashine gani, ni lazima kuuliza maradhi yamefika wapi.

Kuna uvumi nilioukuta Meru ambao yafaa kuusahihisha. Niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba mashine ya protoni imekwisha kuletwa Kenya na iko katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa. Asili ya maneno haya ni kweli iliyopotoshwa. Hospitali ile ina mashine inayoitwa saiklotroni, nayo kweli hukimbiza protoni. Lakini kazi yake pale ni kutengeneza dawa zenye mnururisho zinazotiwa mwilini ili picha maalumu ionyeshe saratani imejificha wapi. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi pia inayo mashine ya kazi hiyo. Haimulikwi kwa mgonjwa kumtibu. Kama tungesema kwamba kila mwenye moto ana tanuri la mikate, tungekuwa tumekosea namna hiyo hiyo.

Ila hospitali hiyo ya Kahawa inayo mashine ya mionzi ya kawaida ya kisasa, na kwa mtu anayetoka Meru kwa njia ya Chuka, Embu na Thika, huifikia kabla hajaingia Nairobi mjini. Hospitali kuu za umma za Meru na Embu hutoa dawa za saratani za kutiwa mshipani. Mionzi ndiyo inayowapeleka watu wa huko safari ndefu. Sisi wa pwani tumshukuru Mola, maana kwa miaka mingi hospitali ya umma iliyokuwa na mionzi nchini ilikuwa Kenyatta, Nairobi, peke yake, na wagonjwa wetu wakilala katika mabasi. Leo Mombasa, Nakuru na Garissa nako kumewekwa vituo vya umma.

Na tusiidharau hii iliyo karibu kwa kuwa tumeizoea. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika, nayo ndiyo ilikuwa ya pekee Uganda nzima. Wagonjwa wakabaki na makaratasi mkononi, baadhi wakaletwa Nairobi kutibiwa, na mashine mpya haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Waliokuwa katika foleni ile hawakuwa wakililia protoni.

Sasa tuje kwenye hukumu. Imam al-Ghazali, Mungu amrehemu, katika Ihya yake, alipozungumzia tawakkul alizigawa sababu za kuondoa madhara katika daraja tatu. Ziko zilizo yakini, kama maji kwa mwenye kiu na chakula kwa mwenye njaa. Kuziacha hizi hadi mtu akafa si tawakkul, bali ni haramu. Ziko zenye dhana yenye nguvu, kama dawa za matabibu. Kuzitumia hakupingani na tawakkul hata kidogo. Na ziko za kuwazia tu, zisizo na msingi wa kutegemewa, ambazo mwenye tawakkul huziacha.

Tukiipima barua ya binti yetu kwa mizani hii, mambo yanajipanga. Chupa ya jirani inayoyeyusha uvimbe kwa siku arubaini iko daraja ya tatu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba siku arubaini hizo maradhi nayo hayalali. Mionzi ya kawaida pamoja na dawa za mshipani, kwa mgonjwa ambaye matabibu wameona bado anafaa, iko daraja ya pili, na katika madhehebu yetu ya Shafii kujitibu kwake ni jambo la sunna linalohimizwa. Na protoni? Nayo ni daraja ya pili. Ni tiba ya kweli. Lakini ule ubora wake juu ya ile iliyo karibu, kwa maradhi ya mama huyu, ni ubora wa kupunguza madhara tu. Hakuna dalili ya sheria inayoilazimisha familia kujifilisi kwa ajili ya ubora wa namna hiyo. Kwa hivyo jibu la swali la pili ni: hapana, hamna dhambi kwa kutompeleka India. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Dhambi inayohofiwa ni ya kumwacha bila ya tiba iliyo ndani ya uwezo wenu, huku mkibishana juu ya iliyo nje yake.

Na hapa pana jambo la shamba, ambalo binti yetu hakuliuliza lakini limo ndani ya barua. Shamba ni la nani? Nilipouliza nikaambiwa ni la mama. Alilinunua yeye na marehemu mumewe, na baada ya mirathi kugawanywa watoto wakamwachia sehemu zao kwa ridhaa. Basi ikiwa ni lake, na akili yake timamu, hakuna mtoto wala ami mwenye haki ya kuliuza bila ya idhini yake, hata kwa nia njema ya kumtibu. Mirathi haiko mpaka mtu afe. Wala hakuna mwenye haki ya kumzuia asiliuze akitaka, kwa kuogopea urithi wake. Kinyume chake, mzazi asiye na uwezo ana haki ya kukimiwa na watoto wake wenye uwezo, na katika vitabu vya madhehebu yetu ujira wa tabibu na bei ya dawa vimehesabiwa ndani ya matumizi hayo.

Swali la tatu, la kudra, jibu lake liko katika kisa cha Sayyidna Umar (r.a.). Alipokuwa njiani kwenda Sham akafikiwa na habari ya tauni huko, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Umar akamfahamisha kwamba anatoka katika kudra moja kwenda katika kudra nyingine ya Mungu huyo huyo, kama mchunga ngamia anayechagua bonde lenye malisho akaliacha lililokauka. Yote mawili ni kwa makadirio ya Mola. Ami yao amesema kweli kwamba maradhi ni kudra. Lakini barabara ya kwenda Kahawa nayo ni kudra, na tabibu anayengoja mwisho wake ni kudra vile vile.

Sasa nitawasimulia niliyoyaona. Nilimkuta mama yule amekaa barazani, kanga amejifunika mabegani kwa baridi ya mlima, kikombe cha uji mkononi. Amekonda, lakini macho yake yanaangaza. Watoto walikuwepo, na binti yetu na mumewe walikuwa wamepanda kutoka Embu. Nikawaomba radhi wote, nikamuuliza yeye: "Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, tangu niugue, wewe ni wa kwanza kuniuliza. Nataka kumeza. Na nataka nikilala nijue wajukuu wangu watavuna ndizi pale chini. India sitaki. Nikifa huko nani atanisalia hapa?"

Yule kijana wa simu akalia. Hakuwa na kosa. Mapenzi ndiyo yaliyomtangulia akapiga mbio kabla ya kuuliza njia. Nikamwambia, "Mwanangu, hima yako tunaihitaji. Ielekeze tu palipo na mlango."

Waliyokubaliana siku ile ni haya: ekari moja ikodishwe kwa misimu miwili badala ya kuuzwa, watoto wachange kwa uwezo wa kila mmoja, usajili wa mama katika Mamlaka ya Afya ya Jamii ukamilishwe na wakaulize mapema bima itabeba kiasi gani na mwisho wake ni wapi, na kijana wa simu awe ndiye msindikizaji wake. Maana tiba hii ya mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki tano au zaidi, kila mara dakika chache tu, na kinachowashinda wengi ni nauli, chakula na mahali pa kulala zaidi ya bei ya mashine yenyewe. Matabibu walipompima upya wakaona maradhi hayajaonekana kusambaa, wakampangia mionzi ya kawaida pamoja na dawa. Ninapoandika haya yuko wiki ya tatu. Ngozi ya kifua imebadilika rangi, na kumeza kumekuwa kugumu zaidi kabla ya kuwa kwepesi, kama alivyoonywa. Mwisho wake anaujua Mola. Tumwombee.

Binti yetu aliniuliza pia kwa simu masuala madogo ambayo najua akina mama wengi huyaonea haya kuyauliza, basi nayajibu hapa. Mgonjwa anayepigwa mionzi kutoka kwa mashine ya nje, iwe ya kawaida au ya protoni, habaki na mionzi inayodhuru watu. Wajukuu wanaweza kumkumbatia na kula naye. Alama wanazochora au kuchanja nukta ndogo kwenye ngozi ili kulenga mahali pale pale kila siku, hazina ubaya, kwa kuwa ni haja ya tiba na si pambo. Wala wino usiozuia maji hauharibu josho. Ikiwa pana mtaalamu wa kike, atangulizwe. Akikosekana, kufunuliwa na mwanamume kwa kadiri ya haja kunaruhusiwa, na mwanamke ana haki ya kuomba shuka na kuomba mtu wake awe karibu hadi mlango unapofungwa. Na asiyeweza kusimama na asali ameketi. Mlango wa wepesi katika dini yetu uko wazi.

Ama familia itakayofikwa na mtihani kama huu, nawausia waende kwa tabibu na maswali manne yaliyoandikwa. Maradhi yamefika wapi? Lengo la tiba ni kuponya au kupunguza taabu? Tiba iliyo karibu itatoa nini, na ile ya mbali itaongeza nini juu yake? Na tukingoja kutafuta fedha za ile ya mbali, tutapoteza nini? Swali hili la nne ndilo linalosahaulika. Lakini mwenye mtoto mdogo ambaye matabibu wenyewe wamesema uvimbe wake unafaa protoni, huyo suala lake ni jingine. Huyo asikatishwe tamaa, na jamaa na msikiti wakusanyike nyuma yake. Na mgonjwa fukara anastahiki zaka kwa ufukara wake. Hakuna aibu katika kuipokea.

Kisha, ndugu zangu, iko sababu iliyo karibu kuliko zote. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya 42,000 nchini Kenya walipata saratani mpya. Ukanda wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, umejulikana kwa wingi wa saratani ya umio, na Meru ni miongoni mwa sehemu zinazotajwa sana. Tumbaku na ulevi ni katika visababishi vyake, na dini yetu imekwisha kutuonya na ulevi. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba vinywaji vya moto sana, vilivyozidi nyuzi 65, yumkini huchangia saratani hii. Basi ile chai ya tangawizi tunayojisifia kuinywa ingali inafuka, tuiache ipoe kidogo. Kikombe hakitakimbia. Na mtu akianza kukwamwa na chakula, asingoje kuhamia uji, aende akapimwe.

Nanyi mabinti na akina mama: saratani ya shingo ya kizazi inaweza kugunduliwa kabla haijawa saratani, na chanjo yake hutolewa na serikali kwa wasichana tangu Oktoba 2019, ikianza na wa umri wa miaka 10. Uvimbe wa titi unaoguswa leo ni mdogo kuliko utakaoguswa mwezi wa sita kutoka leo. Stara ni sehemu ya dini, lakini kuficha maradhi hadi yakatokeza nje ya kanga hakumo katika stara.

Ewe Mola, Wewe ndiye Mponyaji, wape shifaa wagonjwa wetu walio Meru, Embu, Mombasa na kila mahali, wape matabibu wao uongofu wa mikono na macho, na wape jamaa zao subira na kauli moja. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.